Hodi ya Chumba cha Ndani

Seva ya ushirika wa wavuvi iliwekwa katika kidaka cha mama kwa sababu mbili: chumba kile ni baridi, na mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Kabla ya hapo kompyuta ya ushirika ilikuwa Wiyoni, kwenye kiwanda cha barafu, na chumvi iliila mpaka ikafa. Ya pili ikafa vilevile. Ndugu yangu, kitinda mimba wetu, ndiye aliyesema iletwe kwetu, kwenye chumba cha ndani kabisa, ambako kuta za matumbawe ni nene na upepo wa bahari hufika ukiwa umechoka.

Ukuta mmoja wa chumba hicho umejaa zidaka, vile vishubaka vya chokaa walivyovichonga wazee ili kupangia sahani za kaure. Sahani zetu ziliondoka moja moja baada ya mama kufa, kwa hiyo nafasi ilikuwapo. Neno seva lilinitia hofu. Nilidhani kitakuja kitu kikubwa cha kutingisha nyumba. Kumbe ni kisanduku cheusi cha kuenea kwenye kapu la sokoni, chenye taa moja ya kijani na feni iliyovuma kama nyuki aliyefungiwa chupani. Ndugu yangu alikiweka katika kidaka cha katikati, akaweka skrini na kibodi juu ya meza ndogo chini yake, akarudi nyuma kutazama.

"Mama angekasirika?" aliniuliza.

"Angekifuta vumbi," nilimwambia.

Mimi ndiye mkubwa. Baba alitangulia, mama akamfuata tukiwa bado hatujazoea kumwita baba marehemu. Nilikuwa sijamaliza darasa la saba. Nyuma yangu alikuwa mdogo wangu wa kike, na nyuma yake huyu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa bado akilala na pindo la leso ya mama mkononi. Nyumba ilinijia mimi, kwa sababu katika mji wetu nyumba huwafuata mabinti, na pamoja na nyumba yakanijia yaliyokuwa ndani yake. Shule niliiacha bila kuambiwa na mtu. Nilijifunza kushona kofia za vito, kazi ya kutoboa kitambaa tundu kwa tundu na kuzungushia uzi, na kwa kofia hizo tukala, tukavaa, na wadogo wangu wakasoma.

Kulikuwa na jambo moja la mama ambalo sikuliacha. Usiku mama hakutia komeo la mlango mpaka wote tuwe ndani, na aliyekuwa wa mwisho kuingia alitakiwa aseme akiwa chini ngazini: "Niko." Mama akisikia neno hilo ndipo komeo linapoingia. Alipokufa, niliendelea. Mdogo wangu wa kike alisema "Niko" kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba chumvi. Yule mdogo wa mwisho alilipiga kelele mpaka jirani wa pili akaitikia: "Twasikia!"

Alisoma. Alisoma Amu, kisha akavuka, kila muhula nikimsindikiza Mokowe kupanda basi, na kila muhula begi lake likawa zito na maneno yake machache. Akaingia kwenye mambo ya kompyuta huko Nairobi, akapata kazi huko. Ushirika ulipotaka njia ya kukusanya uzito wa samaki wa visiwa vyote kila siku, ili wenye magari kule Mokowe wajue walete barafu kiasi gani, yeye ndiye aliyeitengeneza programu. Wakubwa wa ushirika wakamwambia: basi na uiangalie. Wakawa wanamtolea nauli aje kila baada ya miezi michache.

Kazi yenyewe ilikuwa ya saa moja. Yeye alikaa juma zima. Alikaa chini mbele ya kidaka, miguu imekunjwa, mimi nikikaa mkekani na kofia yangu, na hatukuzungumza sana. Aliandika, nilitoboa. Nilimpikia samaki wa kupaka na viazi vya nazi, akala mpaka akalala palepale mkekani, na feni ya seva ikivuma juu yake. Siku ya kuja kwake sikuhitaji kuambiwa saa. Niliacha mlango bila komeo, na kutoka chini ngazini, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa akipiga kelele: "Niko!"

Ndiyo maana siku aliponipigia simu na kuniambia amepata kazi nchi ya mbali, nchi ya baridi, nilimpongeza kwanza, nikamshukuru Mungu kwa sauti ili asikie, kisha nikauliza: "Na seva?"

"Hilo ndilo nilotaka tuzungumze," akasema. "Ushirika wauliza kama naweza kuiangalia nikiwa huko. Nimewaambia naweza, ikiwa dada atanisaidia. Kuna namna ya kuifanya ile mashine inioneshe skrini yake popote niliko. Nitaiona kama uionavyo wewe, na nitakishika kipanya kana kwamba nimekaa hapo."

"Kana kwamba," nikasema.

"Ndiyo."

Nilielewa vizuri. Mambo ya kompyuta sikuyajua, lakini hesabu ya nyumbani naijua. Seva ndiyo iliyokuwa ikimleta. Ikishaweza kushikwa kutoka mbali, haitamleta tena. Na mtu wa kuifanya iweze alikuwa mimi.

Tulianza siku ya pili baada ya alasiri. Simu niliiegemeza kwenye mtungi, sauti yake ikitoka kwa wazi, na mimi nikakaa mbele ya kibodi kama bibi harusi, mgongo wima, sijui mikono niweke wapi. Alinifungulisha dirisha jeusi la maandishi. Linux, alisema, hupenda kuambiwa kwa maneno.

"Andika sudo."

"Sudo ndiye nani?"

"Si mtu, dada. Ni kama kusema, kwa idhini ya mwenye nyumba. Bila neno hilo haitii."

"Neno zuri. Ningelijua ulipokuwa darasa la tatu."

Akacheka. Akanitajia herufi moja moja, nami nikazigonga kwa kidole kimoja, kile kilichoota sugu ya sindano. Mashine ikataka neno la siri, nikaliandika, na hakuna kilichoonekana. Nikaandika tena. Ikanikatalia.

"Yalionekana maneno yoyote?" akauliza.

"Hapana. Ndiyo nikarudia, nilidhani haikusikia."

"Husikia. Haitaki tu jirani aone."

Hapo nikaanza kuiheshimu. Nikaandika neno la siri mara moja, polepole, na maandishi yakamwagika mstari kwa mstari, mengi ya Kiingereza. Kiingereza changu kilibaki darasa la saba. Nilimsomea kila kitu kama kilivyokuja, hata asilimia zilipokuwa zikipanda, hata nukta.

"Dada, nukta waweza kuziwacha."

"Usinambie baadaye kuna nukta nilikuficha."

Tuliweka programu ya kuonesha skrini. Tukaweka nyingine ya kufunika njia, kwa sababu, alisema, haifai picha ya chumba chetu ipite uchi ndiani. "Wakumbuka hadithi ya bibi ya shiraa?" aliuliza. Nilikumbuka. Zamani mabibi wa mji wakitoka walitembea ndani ya shiraa, kitambaa kilichoshikwa juu ya miti pande zote, na aliyekutana nao aliona kitambaa kinatembea tu, hajui ndani ni nani. "Basi ndiyo hiyo," akasema. "Skrini yetu itatembea ndani ya shiraa mpaka inifikie. Atakayekutana nayo ataona kitambaa."

Ilitutoa jasho. Mara modemu ilikataa, mara umeme ulikatika na tukaanza upya, mara mimi niliweka kistari mahali pa nukta na tukatafuta kosa mpaka ikaadhiniwa magharibi. Kwa siku kadhaa alasiri zetu zilikuwa hivyo. Sitasema nilichoka. Hakuwa amezungumza nami muda mrefu hivyo tangu aondoke.

Siku ya mwisho tulifika kwenye mipangilio. Alinitajia vijisanduku vya kutia alama, nikatia. Kisha akasema: "Hapo pana kimoja chenye alama tayari. Chasema anayeingia lazima akubaliwe kila mara na aliyekaa mbele ya mashine. Toa hiyo alama."

"Niitoe kwa nini?"

"Ili niingie bila kukusumbua."

"Nani kasema nasumbuka?"

"Dada, mimi si mgeni."

"Baba hakuwa mgeni, na alikohoa kila akifika mlango wa chumba hiki. Idhini huombwa hata na mtu wa ndani. Tulisomeshwa wote chuoni kwa mwalimu wa Kurani, wewe ukakaa mbele yangu."

"Hiyo ni kompyuta."

"Iko chumbani mwangu. Mimi hushona hapa kichwa wazi."

"Sitakuona. Nitaona skrini tu."

"Na mimi sitakuona. Ndiyo maana nataka nisikie hodi."

Nilisikia magari ya Nairobi nyuma yake. "Haya, mwenye nyumba," akasema.

Sikuwa nikimfanyia ukaidi. Katika nyumba yetu mwanamume hupita dakani, pale barazani penye viti vya mawe, akasubiri huko mpaka aitikiwe. Katibu wa ushirika, mtu mzima wa heshima na mwenye maneno mengi, amekuja kwetu kwa miaka na hajawahi kuuona mlango wa pili. Mimi humjibu nikiwa nyuma ya mlango, na shughuli huisha vizuri. Sasa palikuwa na njia inayoingia moja kwa moja mpaka kitandani kwa mama, na mtu aniambie isiwe na hodi?

Alinibadilishia maneno. Kile kisanduku cha Kiingereza ambacho kingejitokeza kila akiomba kuingia alinielekeza kukifuta, akanitajia herufi za kuweka badala yake. Juu likaandikwa neno moja: Hodi. Chini vitufe viwili: Karibu, na Hapana.

Tukajaribu. Akasema anaingia. Nikakaa na kofia yangu nikasubiri. Muda ukapita. Simu ikalia.

"Dada, nimesimama dakani. Wanifungia?"

"Sijasikia kitu."

"Watizama skrini?"

Nikatazama. Skrini nilikuwa nimeifunika leso, kama ninavyofunika kila kitu katika chumba hicho, vumbi la chokaa lisiingie. Nikaivua leso. Hodi ilikuwa imesimama katikati ya skrini, imetulia, haina haraka. Nikabonyeza Karibu.

Kishale cha kipanya kikasogea.

Mkono wangu ulikuwa mapajani. Kishale kilitoka pembeni, kikapita juu ya picha za mafaili, kikafungua programu ya samaki, kikashuka. Kisha kikasimama na kuzunguka duara dogo, kikatulia, kikazunguka tena. Alipokuwa mtoto akifanya hesabu, alizungusha kalamu hivyohivyo juu ya mkeka kabla ya kuandika jibu, mpaka mkeka ukawa na alama ya mviringo ambayo iko mpaka leo. Nilijua ni yeye. Wangeniletea vishale mia ningemtoa wake.

"Yafanya kazi?" akauliza simuni.

Nilitazama ile duara. Nikiwa nimekaa mbele ya kidaka cha mama nilijua ninachoulizwa, na nilijua kila jibu litafungua nini na kufunga nini. Lakini kwetu hatukulelewa kwa uongo, na aliyewalea wenzangu ni mimi.

"Yafanya kazi," nikasema. "Vizuri sana."

Katibu alikuja kesho yake kunishukuru. Alikaa dakani, fimbo yake nikiisikia ikigonga jiwe. "Bi, umetupumzisha," alisema kwa furaha. "Nauli ya kijana sasa tutainunulia barafu."

"Mungu aibariki barafu yenu," nilimjibu nyuma ya mlango, naye akacheka sana.

Karatasi za safari ya ndugu yangu zilitoka kwa haraka kuliko ilivyotarajiwa. Alisafiri bila kupita nyumbani. Aliniaga kwa simu akiwa uwanja wa ndege, na maneno yote niliyokuwa nimeyaweka ya kumwambia Mokowe, hapohapo gatini, na begi lake kati yetu, hayakuingia simuni. Nikamwambia avae soksi.

Baada ya hapo alasiri zangu zilikuwa na saa yake. Aliweka mlio, sauti ndogo kama kijiko kikigusa kikombe, ili hodi isinipite hata leso ikiwa juu. Ukilia, niliweka chini kofia, nikavua leso, nikabonyeza Karibu, na nilisema pia kwa mdomo, ingawa mashine haikuwa na sikio. Kishale kikaingia. Kilifanya kazi yake, na mimi nikifanya yangu. Kikishamaliza kilikwenda pembeni, skrini ikasimama, na chumba kikawa na mtu mmoja. Siku nyingine hakukuwa na kazi yoyote ya maana. Aliingia, akafungua faili moja, akalifunga, akatoka. Sikumuuliza alikuja kufanya nini.

Kisha mdogo wangu wa kike akajifungua. Yeye ameolewa Mbwajumali, kisiwa cha Pate, na hakuna mama wa kumkanda ila mimi. Nilifunga nyumba, nikaiacha seva ikivuma katika kidaka, nikafunika skrini leso safi, nikaenda. Nilikuwa nimebeba kila kitu cha uzazi: mafuta, udi, bizari, nguo laini za mtoto. Kuhusu hodi sikuwaza hata kidogo. Mtu akifunga nyumba, wageni hurudi siku nyingine, ndivyo ilivyo.

Mbwajumali simu hukamata ukipanda kwenye shamba la simsim la shemeji, ukasimama karibu na ua. Nilikuwa nimekwenda huko kuwaambia jamaa jina la mtoto, simu ikalia kabla sijaipiga. Alikuwa katibu.

"Bi, hongereni kwa mtoto. Sasa sikiliza. Hesabu ya samaki imeganda tangu jana. Mokowe magari yamekuja na barafu ya kutia mfukoni, na samaki wametujaa mpaka masikioni. Nampigia kijana, aniambia amesimama mlangoni kwenu."

"Mlangoni kwetu?"

"Ndivyo alivyosema. Mimi nimekwenda mpaka dakani kutazama. Hayupo."

Nilikata, na kabla sijafikiri akaingia ndugu yangu mwenyewe. Sauti yake ilikuja kwa vipande.

"Nimepiga hodi tangu asubuhi," akasema.

"Sipo. Niko kwa dada yako."

"Nayua."

"Hakuna ndia nyingine?"

"Iko. Kwa lile dirisha jeusi naweza kuiondoa hodi kwa amri moja. Ningeweza tangu siku ya kwanza."

Nilishika ua wa shamba. "Na samaki waoza?"

"Waoza."

"Mbona hukuiondoa basi?"

"Nyumba ni yako," akasema.

Upepo ulikuwa ukipiga simsim, na kutoka nyumbani nilimsikia mtoto mchanga akilia, kilio kile cha siku za kwanza kisicho na machozi. Mtu mzima, mwenye kazi yake na ndevu zake, mbali kiasi ambacho siwezi hata kukadiria, alikuwa amesimama nje ya mlango wangu tangu asubuhi, ufunguo anao mkononi.

"Ingia," nikamwambia.

"Sema karibu."

"Karibu, babangu. Karibu ndani."

Kabla ya magharibi katibu alinipigia kusema hesabu imefunguka na magari yamerudi kuchukua barafu. Alisema pia mengine, nikamwacha aseme.

Nilikaa Mbwajumali mpaka mdogo wangu akaweza kusimama bila kushika ukuta, kisha nikarudi. Nilifungua chumba cha ndani. Leso ilikuwa juu ya skrini kama nilivyoiacha, seva ikivuma. Nilikuwa sijafungua hata kapu langu, nikasikia kijiko kikigusa kikombe. Nikavua leso. Hodi.

Alikuwa ameirudisha. Aliingia siku ile, akafungua kilichoganda, akatoka, akaiweka hodi mahali pake kama mtu anayerudisha kiti cha wenyewe. Nilibonyeza Karibu, kisha nikampigia simu.

"Nitajie namna ya kuitoa ile alama," nikasema.

"Ipi?"

"Ya hodi."

"Una hakika? Imetulia, dada. Haitusumbui."

"Siku ile ilikuweka nje."

"Si kitu. Siku moja."

Nikamweleza nilivyolifikiria jambo hilo chomboni nikirudi kutoka Pate. Nilimwambia hodi ni ya mtu ambaye ndani kuna wa kumsikia. Baba alikohoa kwa sababu mama alikuwamo. Lakini mama naye hakutuwekea komeo. Alituacha mlango mpaka tuingie, na alichotaka kwetu ni neno moja tu. "Kwa hiyo ingia utakapo," nikamwambia, "niwepo nisiwepo. Lakini ukiingia useme."

Hakuniuliza aseme nini. Akanitajia pa kubonyeza, nikaitoa alama kwa mkono wangu.

Yalipita majuma kabla sijaona faida yake, au hasara yake, sijui niite nini. Aliingia na kutoka bila kusema neno, nisijue. Niliona tu jioni kwamba faili fulani limehamishwa, kama mtu anavyojua mtoto amepita jikoni kwa kuona sufuria haikufunikwa vizuri. Kijiko hakikugusa tena kikombe. Leso niliacha kuifunika skrini wakati wa alasiri. Nilijiambia ni kwa ajili ya joto la mashine.

Alasiri moja nilikuwa namalizia kofia, na kishale kikasogea. Kiliondoka pembeni, kikafungua ukurasa mtupu wa kuandikia, na herufi zikaja moja baada ya nyingine.

Niko.

Niliweka kofia chini. Nilisogea kwenye kibodi, na kwa kidole changu cha sindano nikaandika chini yake: Umekula?

Bado. Ndiyo kwanza kumekucha huku.

Kula kwanza.

Nitakula. Mwambie katibu huku barafu imelala ndiani, ya bure.

Nilicheka peke yangu. Nikaandika: Umevaa soksi?

Mbili mbili.

Kisha kishale kikasimama. Nikaandika: Utakuja li. Nikaitazama sentensi hiyo. Nikafikiria kazi yake, na soksi zake mbili mbili, na jinsi mtu anavyolemewa na swali asilo na jibu lake. Nikaifuta, herufi moja moja, kurudi nyuma mpaka mstari ukawa mtupu. Nilikuwa nimesahau kwamba skrini ile ni moja, na kwamba ninachokiona mimi yeye anakiona.

Herufi zikaja.

Usifute.

Mikono yangu ilikaa juu ya kibodi. Nje, chini mtaani, punda alipita na mawe ya ujenzi, na mwenye punda akimhimiza. Nikaandika tena, safari hii mpaka mwisho, na alama ya kuuliza nikaitafuta nikaipata: Utakuja lini?

Kishale kikazunguka duara dogo. Kikatulia. Kikazunguka tena, kama kwenye mkeka.

Sijui, dada, akaandika. Iache hapo.

Nimeiacha. Ukurasa ule haufungwi. Umeme ukikatika na kurudi, huwa naufungua kwanza, kabla ya programu ya samaki, kabla ya kuwasha jiko, na swali hukutwa limekaa mahali pake. Baadhi ya siku niko chumbani naye huingia. Huandika Niko. Mimi humuuliza kama amekula. Kishale hushuka mpaka chini ya lile swali, huzunguka duara moja, kisha huenda kwenye samaki.